Vikapu vya Minyororo: Namna ya Kucheza Gofu ya Visahani Bustanini

Wazee wetu mlioketi mbele, akina mama, ndugu na vijana: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na kwa wote habari za mchana.

Mchezo tulioombwa kuuzungumzia mnaupita kila mwisho wa wiki mkienda kuchoma nyama bustanini, awe mtu anaishi Marekani, Ufini au Uswidi. Kuna nguzo ya chuma, ina kikapu karibu usawa wa kiuno, juu yake minyororo inaning'inia, na watu watatu wanne wanatembea kutoka nguzo hadi nguzo wakirusha visahani vya plastiki. Wengine mmekidhani kile kikapu ni pipa la taka, na hamko peke yenu: Jumatatu asubuhi makopo ya soda humo hayakosekani. Ile ni gofu ya visahani. Hesabu yake ni ile ile ya gofu ya mpira. Unaanzia mahali palipowekwa, unarusha, unafuata kisahani kilipolala, unarusha tena kutoka hapo, mpaka kitulie kikapuni. Mwenye mirusho michache ndiye mshindi. Ada ya uanachama hakuna, viatu maalumu hakuna, na bustani nyingi za umma hazitozi hata senti.

Viwanja ni vya aina nyingi. Viko vya msituni, ambako njia ni uchochoro kati ya miti na mrusho usionyooka unaishia kwenye gome la kwanza. Viko vilivyojengwa juu ya viwanja vya gofu ya mpira, virefu mno. Leo tunabaki na uwanja wa bustani: nyasi zilizokatwa, miti mikubwa iliyotawanyika, njia za waenda kwa miguu, meza za kulia, watoto, mbwa, na umbali wa wastani, kwa kawaida mita 60 hadi 120 kwa kila shimo, yaani kutoka mahali pa kuanzia hadi kikapuni. Shimo tunaliita shimo, ingawa hakuna kilichochimbwa.

Uwanja wa namna hii unaonekana mwepesi kwa sababu uko wazi, na uwazi huo ndio unaomponza mgeni. Anaona nafasi, anavuta mkono kwa nguvu zote, kisahani kinapanda juu, kinasimama hewani, kinaangukia kushoto mita 30 mbele. Anasema amekosa nguvu. Nguvu anazo tele. Bustani inamlipa anayerusha chini, anayetua bapa, na anayejua kungoja watu wapite. Maneno yetu yote leo yanazunguka hapo.

Kwanza asili yake kidogo, maana mchezo una mwenyewe. Ed Headrick alikuwa mfanyakazi wa Wham-O, kampuni ya California iliyouza Frisbee, kile kisahani cha kuchezea, na hataza ya mwaka 1967 ya kisahani chenye mistari ya mduara mgongoni ni yake. Mwaka 1975 uwanja wa kwanza wa kudumu ulifunguliwa Oak Grove, kwenye bustani ambayo leo inaitwa Hahamongna, kando ya Pasadena, chini ya mialoni na jirani kabisa na maabara ya vyombo vya anga ya JPL. Bustani ya umma, basi. Mchezo ulizaliwa humo humo. Shabaha za mwanzo zilikuwa nguzo tupu, na nguzo tupu huzaa ubishi: kimegusa, hakijagusa. Headrick akabuni kikapu chenye minyororo, akapata hataza yake mwaka 1977. Katikati hapo, mwaka 1976, akaanzisha PDGA, chama ambacho mpaka leo ndicho kinachotunga sheria za mchezo. Alifariki mwaka 2002, na kama alivyotaka mwenyewe, majivu yake yalichanganywa kwenye plastiki ya visahani. Huo ndio ushabiki.

Badiliko kubwa la pili lilikuja mwaka 1983, Dave Dunipace alipotengeneza kisahani chenye ukingo uliochongwa mkali badala ya ukingo mnene wa mviringo. Ukingo mwembamba unakata hewa, kisahani kinakwenda mbali zaidi. Kutoka hapo visahani vya gofu na Frisbee ya kuchezea ufukweni vikaachana kabisa. Hili lina maana ya usalama, na tutalirudia: kisahani cha gofu hakidakwi. Ni kizito, ni kigumu, na ukingo wake unaumiza.

Sasa begi. Sheria inataka kisahani kisipungue sentimita 21 kwa upana, na uzito usizidi gramu 8.3 kwa kila sentimita ya upana huo. Ndiyo maana visahani vingi vya mbali vinakomea gramu 175 hivi. Dukani utakuta ukuta mzima wa rangi na majina ya ndege na papa, na muuzaji atakuonyesha vya mbali kwanza kwa sababu ndivyo vinavyong'aa. Mpite. Mgeni anahitaji visahani vitatu. Cha kikapu, kinene ukingoni na cha polepole. Cha kati. Na kimoja cha mbali lakini cha kasi ya wastani. Vyote vitatu kwa pamoja huuzwa Marekani kwa dola 25 hadi 40.

Juu ya kisahani utakuta tarakimu nne. Ya kwanza ni kasi, kuanzia 1 hadi 14 na zaidi, nayo inaeleza mkono wako unatakiwa uwe na kasi gani ili kisahani kifanye kazi yake. Kisahani chenyewe hakikupi kasi hiyo. Ya pili ni kuelea, 1 hadi 7. Ya tatu ni kupinda kwa mwanzo, kinapokuwa bado na kasi: ikiwa hasi, kisahani cha mtu wa mkono wa kulia anayerusha kwa mgongo wa mkono, yaani mkono ukipita mbele ya kifua, kitaelekea kulia kwanza. Ya nne, 0 hadi 5, ni kurudi kwa mwisho, kasi inapopungua, na kwa mtu yule yule ni kwenda kushoto. Wa mkono wa kushoto ageuze kila tutakalosema.

Mifano inayojulikana, Innova na Discraft yakiwa majina ya watengenezaji: Innova Aviar ni 2, 3, 0, 1, kisahani cha kikapu kilichotulia. Discraft Buzzz ni 5, 4, -1, 1, cha kati kinachonyooka. Innova Leopard ni 6, 5, -2, 1, na kwa mikono mingi huyo ndiye mwisho wa safari kwa miezi kadhaa. Mtu anayeanza hurusha mita 40 hadi 60. Akichukua kisahani cha kasi 12, mkono wake haufikii kasi inayotakiwa, hivyo sehemu ya kupinda kulia haitokei kabisa na anabaki na ile ya mwisho tu: kushoto, chini, karibu. Kisha analaumu upepo. Chukua chepesi pia, gramu 150 hadi 165. Chepesi kinaanza kuelea kwa kasi ndogo.

Tuje kwenye kurusha kwa mgongo wa mkono, na tutakawia hapa kwa sababu hapa ndipo mambo yanapoharibika.

Anza umesimama, bila kukimbia. Simama ubavu, bega la kulia likielekea unakolenga, miguu imepanuka kidogo kupita mabega. Kisahani kishike kwa vidole vinne vilivyokunjwa chini ya ukingo, kidole gumba juu ya bamba, yaani sehemu bapa ya kisahani, karibu na ukingo. Bana kwa nguvu pale kidole cha shahada kinapokutana na gumba. Vingine vishike tu. Ukingo ukae kwenye mstari wa kiganja, kisahani kiendelee pale mkono wa mbele unapoishia, kisikunjwe kwenda ndani wala nje. Vuta kisahani nyuma kwa mstari ulionyooka, usawa wa kifua, huku uzito ukienda mguu wa nyuma na macho yakiachia shabaha kwa muda. Kisha hamisha uzito kwenda mguu wa mbele kwanza, nyonga izunguke, bega lifuate, kiwiko kitangulie, mkono na kisahani vije mwisho kabisa vikipita karibu na kifua. Mwachio unakuja wenyewe kisahani kinapochomoka kidoleni. Mkono uendelee kuzunguka, mwili ufuate, usijizuie ghafla. Mgongo wa watu wengi huumia kwa sababu ya kujizuia.

Kosa la kwanza kwa wingi: pua juu. Pua ni upande wa kisahani unaotangulia. Ukiinuka hata kidogo kuliko mkia, hewa inapiga chini ya bamba, kisahani kinapanda, kinapoteza kasi, kinasimama, kinaanguka kushoto. Chanzo mara nyingi ni kifundo: mtu anakigeuza kana kwamba anamwaga kikombe kuelekea nyuma. Dawa ni kuachia chini, usawa wa kifua, na kukibeba kisahani kama sinia la chai mbele ya wageni, bapa tangu nyuma mpaka kinapoondoka. Ukiona kimeruka chini hadi ukaogopa, bado huenda kiko sawa.

Kosa la pili ni kuzungusha mkono. Badala ya mstari, kisahani kinavutwa kwa duara kuzunguka mwili, hivyo mahali pa kuachia panakuwa pa bahati: mapema, kinakwenda kushoto; kwa kuchelewa, kinakwenda kulia kwenye meza ya watu wanaokula. La tatu ni kutetemeka. Kisahani kinachotetemeka hewani kimeachiwa kwa mkono uliopinda njia katikati, na hupoteza umbali kuliko mtu anavyodhani. Ukiona kinatetemeka, punguza nguvu mpaka kitulie, ndipo uongeze.

Hatua za kukimbia kwenye kibaraza, pale mahali pa kuanzia, ziongezwe baadaye, ukishaweza kunyoosha ukiwa umesimama: kulia, kushoto ikipita nyuma ya kulia, kulia tena ikikanyaga kwa nguvu. Tatu, polepole. Kibaraza cha zege kwa kawaida ni kama mita 1.5 kwa 3 na kuendelea, na kikilowa huwa kitelezi. Futa soli.

Kurusha kwa kiganja, yaani mkono ukipita ubavuni kama unavyorusha jiwe likarukaruka majini, kunapinda upande mwingine: mwisho wake ni kulia. Jifunze hata cha mita 30, kwa sababu bustanini kuna mti mmoja wa kila shimo uliopandwa mahali pa kuudhi.

Kisahani kikiachiwa ukingo wa nje ukiwa chini, wachezaji huita haiza, nacho kitapinda kushoto kwa uhakika. Ukingo wa nje ukiwa juu ni anaiza, kinaanza kulia. Kwa uwanja wa bustani, haiza ndiyo rafiki. Inatabirika, inatua kwa upole, na haiendi mbali ikikosea.

Upepo. Miti ya bustani imetawanyika, haizuii upepo kama msitu, na mahali pengi kuna ziwa au mto kando. Upepo wa mbele unafanya kisahani kione hewa ya kasi zaidi: kinapanda, na kinapinda kulia kupita kawaida yake. Kwa hiyo dhidi ya upepo unachukua kisahani kigumu zaidi, chenye namba ya mwisho kubwa, na unakiachia chini kwa nguvu kidogo. Upepo wa nyuma unafanya kinyume: kisahani kinakosa hewa ya kukibeba, kinashuka mapema na kurudi kushoto mapema, basi chukua chepesi na uachie juu kidogo. Upepo wa ubavu ndio mjanja. Kisahani kilicholala haiza tumbo lake linaelekea kulia; upepo ukitoka kulia unalipiga tumbo hilo, unakiinua na kukipeleka kushoto mbali. Ukitoka kushoto unapiga mgongo wake na kukikandamiza chini. Kabla ya kurusha, chuma nyasi chache uziachie usawa wa kichwa, kisha utazame majani ya juu ya mti ulio karibu na kikapu. Huwa havisemi kitu kimoja, na kisahani kitapita kwenye vyote viwili.

Kwa taarifa tu: rekodi ya umbali ya David Wiggins, mita 338, iliwekwa mwaka 2016 katika jangwa la Nevada kwa msaada wa upepo mkali. Bustanini usijaribu.

Tuchukue shimo moja tulichambue. Tuseme mita 80, pari 3. Pari ni idadi ya mirusho anayotarajiwa kutumia mchezaji mzoefu. Upande wa kulia kuna njia ya lami ya watembea kwa miguu, na ubao unasema njia na ng'ambo yake ni nje ya mipaka. Mita 45 mbele, kidogo kulia, kuna mwaloni mmoja mpana. Kikapu kiko nyuma yake, ukingoni mwa mteremko unaoshuka kwenda kwenye kijito.

Mgeni wa mita 50 anatazama kikapu na kurusha kuelekea kikapu. Akifanikiwa, anagonga mti. Akikosea, anavuka njia. Mwenye akili anatazama nyasi zilizo kushoto mwa mwaloni, anachukua kisahani cha kati, anarusha haiza ya mita 45 isiyo na presha. Hata ikifupika iko nyasini, na kutoka hapo anakiona kikapu. Mrusho wa pili ni mita 35 hivi, na hapa ndipo uwanja wa bustani unapoamuliwa. Nyasi ni fupi, ardhi ni ngumu, nyuma kuna mteremko. Kisahani kikitua kwa ukingo, kinasimama na kubingirika, na mteremko unakipeleka mpaka majini. Kwa hiyo anachukua kisahani cha kikapu, kile kinene cha polepole, anarusha chini, bapa, bila kukizidishia kasi, akilenga kitue mita 5 kabla ya kikapu. Kikitua bapa kinateleza kidogo na kulala. Kifupi ni salama. Kirefu ni msiba. Kisha anatia. Mirusho mitatu, pari, na hajawahi kutumia zaidi ya nusu ya nguvu zake. Mwenzake mwenye misuli aliyerusha moja kwa moja ana minne, mitano, na soksi zimelowa.

Shimo likiwa na mteremko nyuma ya kikapu, hata mita 6 hazimlazimishi mtu kurusha kwa kutia. Ukikosa, kisahani kinapita na kuondoka mita 20. Mara nyingine ni bora kukitandika chini ya kikapu na kumaliza kwa mrusho wa kugusa. Wenye majivuno hawalipendi hili, na kadi zao zinaonyesha.

Kutia kikapuni. Mguu wa mbele uelekee kikapu, wa nyuma hatua moja nyuma na pembeni kidogo, uzito ukianzia nyuma kwenda mbele. Kisahani kishuke mpaka karibu na kitovu, kiinuke kwa mkono na kifundo, kiachiwe mbele yako mkono ukinyooka kuelekea minyororo na vidole vikifunguka. Usilenge kikapu chote. Chagua kiungo kimoja cha mnyororo, kidogo kulia mwa nguzo. Kisahani cha mkono wa kulia kinamalizia kwa kwenda kushoto, hivyo kikiingia upande wa kushoto wa nguzo hupenya au hutemwa nje. Upande wa kulia una nguzo ya kukisimamisha. Upepo ukivuma usoni kwako, lenga chini, kwani kitapanda. Ukivuma mgongoni, lenga juu. Mazoezi: visahani vitano, mita 3. Ukiingiza vyote rudi nyuma hatua moja, ukikosa viwili sogea mbele hatua moja. Robo saa inatosha, na inapunguza hesabu kuliko saa nzima ya kurusha mbali.

Sheria mnazozihitaji si nyingi. Kwenye kibaraza, anayeanza ni aliyepata mirusho michache shimo lililopita. Baada ya hapo anarusha aliye mbali zaidi na kikapu, wengine wakikaa nyuma yake au pembeni. Kisahani kilipolala ndipo mahali pako. Unaweza kuweka kisahani kidogo cha alama mbele yake, upande wa kikapu, au ukaacha kisahani chenyewe na kusimama nyuma yake. Unapoachia, sehemu moja ya mwili inayogusa ardhi lazima iwe kwenye mstatili wa sentimita 20 kwa 30 nyuma ya alama, na hakuna sehemu inayoruhusiwa kugusa ardhi karibu zaidi na kikapu. Zaidi ya mita 10 kutoka kikapuni unaweza kupiga hatua mbele baada ya kuachia. Ndani ya mita 10 lazima uonyeshe umetulia kabla ya kusonga. Kuanguka mbele kufuata kisahani ni kosa, hata kikiingia.

Nje ya mipaka huongeza mrusho mmoja, na kwa kawaida unaendelea pale kisahani kilipovukia mstari, ukiruhusiwa kuingia ndani mpaka mita moja. Kisahani kilichopotea kinatafutwa dakika 3, kisha unaongezewa mmoja na kurudi ulikorushia. Kilichonasa mtini kinachezwa chini yake bila adhabu, isipokuwa mwenye mashindano ametangaza sheria ya mita 2, yaani adhabu kwa kilichonasa juu ya kimo hicho. Mshale juu ya mti maana yake ni upande wa lazima wa kupitia. Tawi likikuzuia, usilivunje; inama. Kila mtu ana sekunde 30 za kurusha. Ili ihesabiwe, kisahani kitulie ndani ya kikapu au kwenye minyororo. Kilichochomeka kutoka nje kwenye waya za kikapu hakihesabiwi, na waliokuja na shemeji zao wajiandae kwa mjadala hapo.

Watu wanne humaliza mashimo 9 kwa saa moja hivi, 18 kwa mbili. Wakiwa zaidi ya watano, gawanyikeni. Kikundi cha nyuma kikiwafikia, wapisheni.

Sasa jambo ambalo katika msitu halipo na katika bustani ni nusu ya mchezo: watu wengine. Mkono wa kawaida huachia kisahani kwa kilomita 80 kwa saa, na wataalamu wanapita 110. Kikimpata mtoto usoni hakuna sheria ya PDGA itakayokusaidia. Mama anayesukuma kigari cha mtoto kwenye njia hajui kwamba amesimama katikati ya shimo namba 6, na hana wajibu wa kujua. Bustani ni yake kama ilivyo yako. Usimpungie mkono aharakishe, usimpigie mluzi. Ngoja. Kipimo chetu ni hiki: usiangalie unakolenga tu, angalia pia kulia na kushoto umbali wa mrusho wako mbaya kuliko yote. Kama kuna mtu ndani ya eneo hilo, kisahani kibaki mkononi. Shimo lisiloonekana mwisho, mmoja atangulie asimame pembeni aseme kama pako wazi. Kisahani kikienda vibaya, piga kelele mara moja, kwa lugha yoyote wanayoijua hapo. Marekani wanaitikia neno la gofu, Fore. Usione haya.

Familia ikitandika mkeka kando ya kikapu, ruka shimo hilo. Hesabu ya mashimo 17 haijamuua mtu. Watoto wakiivuta minyororo, waacheni waisikie inavyolia, kisha waambieni kwa upole wakae nyuma yenu. Na nasi tukiwa na mikeka yetu na jiko la mkaa, tutazame kwanza nguzo ziko wapi. Malalamiko mengi yanayotufikia yanaanzia kwenye jiko lililowashwa mita 8 kutoka kikapuni.

Andika namba yako ya simu kwa kalamu ya wino usiofutika ndani ya kisahani. Ukiokota cha mtu chenye namba, mpigie. Ni desturi kubwa ya mchezo huu, Ulaya hali kadhalika, na vingi hurudi. Usikiache garini jua kali: plastiki laini hupinda, na kisahani kilichopinda kimebadilika tabia.

Kuhusu maeneo: programu ya UDisc inaonyesha viwanja kwenye ramani, urefu wa kila shimo na kadi ya hesabu. Mlioko Helsinki mnao uwanja wa Meilahti, karibu na mjini. Ufini na Estonia mchezo umeshika mno; Kristin Tattar wa Estonia alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2022 na 2023, na mwaka 2025 mashindano ya dunia ya wataalamu yalifanyika katika miji ya Tampere na Nokia, Ufini. Mkiwa San Francisco, uwanja uko ndani ya Golden Gate Park.

Kwa wanaoniuliza habari ya nyumbani: kabla ya minyororo kulikuwa na nguzo, na nguzo inatosha. Weka alama kwa utepe kwenye miti tisa ya uwanja wa shule wakati wa likizo, kubalianeni kwamba kugusa shina chini ya utepe ni kumaliza, mnao uwanja. Nyasi ziwe fupi, la sivyo mtatumia jioni nzima kutafuta. Nunueni rangi ya chungwa au ya waridi. Kijani ni cha kumpa adui. Na mnazi msiuchague, kwa sababu ambazo mtu wa pwani haelezwi.

Visahani vya mazoezi viko mezani pale. Vyeupe ni vya kikapu, vya bluu ni vya kati, na kikapu cha kubeba tumekifungua nyuma ya ukumbi, upande usio na magari. Kundi la kwanza liwe la watano. Wanaotumia mkono wa kushoto wasimame mwisho wa mstari upande wa ukuta, wasirushe kuelekea wenzao. Maswali tutayajibu huko huko nje, na kila kilichochukuliwa mezani tunaomba kirudi mezani.